Igogo: Kodi Inayolipwa kwa Magoti

Dalali wa vyumba wa Igogo, jijini Mwanza, hana haja ya kukuuliza mfukoni una nini. Anakutazama viatu, halafu anasema: "Kaka, unataka chini, kati au juu?"

Mara ya kwanza kuulizwa hivyo nilidhani anazungumzia ghorofa, nikashangaa maana ghorofa zenyewe sikuziona. Kumbe alikuwa anazungumzia mlima. Chini ni pale gari linapofika na mtu akashusha kabati lake mlangoni. Kati ni pale bodaboda anapofika kama ana roho ngumu na umemwongezea chochote. Juu ni huko kwingine kote. Tukaanza kupanda, na kila mlango alionifungulia bei ilikuwa imeshuka kidogo: chumba kilekile cha futi kumi kwa kumi, bati lilelile, sakafu ileile ya saruji iliyomeguka pembeni, choo cha nje cha kuchangia. Kilichobadilika ni pumzi zangu. Tulipofika kwenye chumba ambacho mfuko wangu ulikikubali, nilikuwa nahema kiasi cha kushindwa kuuliza habari za maji. Siku hizi nadhani hiyo ndiyo ilikuwa mbinu yake. Nikalipa miezi sita, na mwezi mmoja wa dalali juu yake, nikawa mkazi wa juu. Nilikaa miaka mitatu.

Kwa asiyeijua, ukitoka katikati ya jiji kwa barabara ya Kenyatta kuelekea Mkuyuni, Butimba na Nyegezi, Igogo inakupokea mapema kabisa. Upande wa ziwa kuna reli, viwanda, bandari ya Mwanza Kusini, na harufu ya samaki ambayo ukali wake unategemea upepo umeamkaje. Upande wa pili kuna mlima, na mlima wenyewe hauna udongo wa kuzungumzia. Ni granaiti, mawe yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2, mengine makubwa kuliko nyumba, yamekaliana kama vile kuna mtu alikuwa akiyapanga akaitwa kabla hajamaliza. Katikati ya mawe hayo, juu yake, chini yake, na mara nyingine jiwe lenyewe likiwa ndilo ukuta wa nyuma, kuna nyumba. Wapiga picha wanaipenda sana sura hiyo. Ukikutana na picha ya Jiji la Miamba, ama ni Jiwe la Bismarck, ama ni mlima wa namna hii uliopigwa jioni, taa zimewaka na umaskini umeshaingia gizani.

Ninachobisha hapa ni kitu kimoja, kwamba vyumba vya juu ni vya bei nafuu. Si kweli. Kodi yake imekatwa vipande viwili tu: kipande kimoja unampa mwenye nyumba, kingine unakilipa kwa magoti, shingo na mabega, kila siku, bila risiti. Ukivijumlisha, mtu wa juu analipa kuliko wa chini, na mara nyingi ndiye mwenye kipato kidogo kuliko wote.

Watu huniambia ndivyo vilima vilivyo. Sivyo. Wenzetu wa upande wa pili wa ziwa, Kampala, mpangilio wao ni kinyume: Kololo na Nakasero ni vilima vya mabalozi na wenye nazo, na maskini yuko bondeni Bwaise akisubiri mafuriko. Hata hapa kwetu si kila aliye juu ni mnyonge. Isamilo ni kilima. Bugando ni kilima, na juu yake imekaa hospitali ya Kanda ya Ziwa tangu mwaka 1971. Barabara ilipanda, mitambo ikapanda, maghorofa yakapanda, na leo magari ya wagonjwa yanapanda usiku na mchana. Sijawahi kumsikia mtu akisema Bugando jiwe lilishindikana. Kwa hiyo jiografia tuiache ipumzike. Chumba cha Isamilo na chumba nilichopanga mimi Igogo vyote vinalitazama ziwa. Kile kinapangishwa ghali kwa sababu ya kulitazama, changu kilipangishwa rahisi licha ya kulitazama, na tofauti yao ni lami.

Ilikuwaje mlima ukabaki bila lami? Historia yake fupi naijua kama anavyoijua kila mtu wa Mwanza. Wajerumani waliweka kituo chao hapa mwaka 1892. Reli kutoka Tabora ikafika mwaka 1928. Bandari, stesheni, maghala, ofisi, maduka ya Wahindi, nyumba za maofisa kule Capri Point: kila kipande kizuri na kila tambarare kilipata mwenyewe mapema, na ramani ikachorwa kukifuata. Mawe yakabaki kuwa mabaki ya ramani. Mji ulipohitaji watu wa kubeba mizigo, kupakua samaki, kufagia na kulinda usiku, haukuwa umewaandalia pa kulala. Wakapanda kwenye mabaki. Sensa ya 2022 imehesabu watu 1,104,521 katika wilaya mbili za mjini, Nyamagana na Ilemela, na ukisimama kipilefti cha Samaki ukageuka pande zote utaona wengi wao wamekaa wapi.

Halafu kuna wale wanaouliza, kwa sauti ya mtu aliyeshiba, kwa nini watu hawa wasihamie Buswelu au Kishiri ambako ardhi ni tambarare na viwanja vipo. Swali hilo linaulizwa na mtu mwenye gari. Kibarua wa kiwanda cha minofu anayekaa Igogo anatembea kwa miguu kwenda kazini. Mpagazi wa bandarini anatembea. Dada anayeuza mitumba Mlango Mmoja anatembea, na machinga wa Makoroboi vilevile. Ukimhamishia pembezoni mwa jiji, siku 26 za kazi zinakuwa nauli 52 kwa mwezi, na kama anapanda daladala mbili, 104. Tena kibarua hana uhakika wa kazi kila siku. Anafika getini alfajiri, anahesabiwa, anaambiwa leo mmetosha. Kurudi nyumbani mikono mitupu kwa miguu kunauma. Kurudi mikono mitupu ukiwa umelipa nauli ya kwenda na bado unatafuta ya kurudi, hapo ndipo mtu anaanza kukopa. Mlima uko karibu na riziki, na wanaoupanda wamepiga hesabu zao vizuri kuliko washauri wao.

Sasa maji, na hapa sitakwenda haraka.

Shirika la Afya Duniani huweka lita 20 kwa mtu kwa siku kuwa kiwango cha chini cha kunywa, kupika na usafi wa lazima. Chukua nyumba ya watu watano: lita 100, ndoo kubwa tano. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ina maana kila siku ya Mungu familia hiyo ikiwa juu, na bomba limekauka, inapandisha kilo 100, gunia zima la mahindi, tena kwa kiwango cha kujinyima. Kwa mwezi ni tani tatu. Huo ni mzigo wa Canter, na Canter haifiki. Inafika shingo ya mama, na shingo ya binti yake akitoka shule. Vijana wa kuuza maji wapo, wanapanda na madumu mawili mawili wakikimbia kama mbuzi, lakini dumu lililonunuliwa bei moja kwenye bomba la chini lilikuwa karibu mara mbili ya bei hiyo likifika mlangoni kwangu. Siwalaumu hata kidogo. Mimi nilijaribu kubeba mwenyewe siku ya kwanza, na siku ya pili nikawa mteja wao mwaminifu.

Mama mwenye nyumba wangu, Msukuma wa makamo aliyezoea kuitwa Mayu, yaani mama, na wapangaji wote hata Wahaya, alikuwa na sheria za maji ambazo hakuna aliyeziandika. Maji ya kwanza huosha mchele. Yaliyoosha mchele huloweka vyombo. Yaliyosuuza nguo hupiga deki. Yaliyopiga deki huenda chooni. Wiki ya kwanza alinikuta nimenawa mikono nikamwaga nusu beseni nje, juu ya jiwe. Hakunigombeza. Aliniuliza taratibu: "Baba, hayo maji uliyapandisha wewe?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeyanunua, ndiyo, lakini swali halikuhusu hela.

Mtu wa mjini akisikia shida ya maji Mwanza anashangaa: ziwa hilo hapo, la pili kwa ukubwa duniani kwa maziwa ya maji baridi, mnakosaje maji? Na takwimu za uzalishaji zinampa haki ya kushangaa. Chanzo cha Capri Point kinatajwa kuzalisha lita milioni 90 kwa siku, na cha Butimba kimejengwa kuongeza lita milioni 48. Ni kazi kubwa na ya kupongezwa. Lakini lita zinahesabiwa pale ufukweni, wakati mkazi wa mlimani shida yake inapimwa kwa mita. Maji ya ziwa yako chini kuliko nyumba zote za Mwanza. Kila tone lililo kwenye ndoo lilisukumwa na mashine kwenda kwenye tangi fulani, na kutoka hapo likateremka lenyewe. Nyumba iliyo chini ya tangi inapata. Iliyo usawa wa tangi inapata saa nane za usiku, wa chini wakiwa wamelala na presha imepanda. Iliyo juu ya tangi inasikia habari. Ndiyo maana mradi mkubwa unaweza kuzinduliwa kwa haki kabisa, na mama wa juu akaendelea kubeba kwa haki hiyohiyo. Tukiulizana habari za maji ya Mwanza tusiishie kwenye lita ngapi. Tuulizane pia: tangi la juu kabisa liko wapi, na juu yake wanakaa wangapi?

Umeme, kwa upande wake, hauogopi mlima. Waya hauhitaji tambarare, na nguzo moja ikishasimama kati ya mawe, nyumba kumi zinawaka. Chumba changu kilikuwa na LUKU, televisheni ya jirani ilikuwa pana kuliko dirisha lake, na wote wawili tulikuwa tunaoga maji ya kopo. Usiku mlima mzima unameta na unaweza kudhani kila kitu kimefika.

Kuna jambo lingine ambalo watu wa heshima hulikwepa, nami nitalisema kwa kifupi. Kwenye jiwe huchimbi choo. Unajenga choo cha kupanda ngazi, shimo lake likiwa ni kisanduku cha matofali juu ya mwamba, na kisanduku hicho hujaa upesi. Gari la kunyonya halifiki. Kinachobaki ni kutapisha: unasubiri mvua kubwa, usiku, unatoa tofali la chini, na mvua inamaliza. Kila aliyekaa kwenye vilima vya jiji hili analijua neno hilo na hakuna atakayekiri kulitenda. Yanayotapishwa hayaishii mlimani. Yanashuka na mifereji, yanamkuta wa kati, yanamkuta wa chini, yanafika ziwani. Na ziwani ndiko tunakochota.

Kwa hiyo mfumo rahisi wa majitaka ulipoanza kupandishwa kwenye vilima kama Igogo, Mabatini na Kilimahewa, mimi niliuona kuwa jambo la akili kuliko mengi yaliyofanywa Mwanza katika umri wangu. Mabomba yake ni membamba, yanapita uchochoroni na mgongoni mwa mawe, hayahitaji barabara wala mtaro wa kina. Yanateremka. Mlima uleule unaokataa kupandisha maji safi unashusha majitaka bure, bila mashine wala umeme. Nimeona nyumba zilizounganishwa. Mwenye nyumba anakuonyesha choo chake cha kumwaga maji kama anavyokuonyesha cheti cha mtoto aliyefaulu. Sasa na hicho choo kinataka maji, na maji yanataka shingo, lakini tusiwe watu wa kulalamikia kila kitu.

Kitu ambacho hakihesabiwi popote ni muda wa dharura. Usiku mmoja wa masika mke wa jirani alishikwa na uchungu. Mvua ilikuwa imetulia lakini njia ilikuwa inateleza, na njia yenyewe ni mawe ya kurukia, mengine yana utelezi wa sabuni za watu. Tukamkalisha kwenye kiti cha plastiki, wanaume wanne, kila mmoja mguu wake wa kiti, na wa tano mbele na tochi ya simu. Kutoka kwetu taa za Bugando zinaonekana wazi, zinakutazama. Tulimshusha kwa hatua ndogondogo, tukipumzika kila penye jiwe bapa, na yeye, Mungu ambariki, ndiye aliyekuwa akitutuliza: "Taratibu baba zangu, taratibu." Bajaji ilikuwa inasubiri barabarani. Safari ya kutoka barabarani hadi hospitali ilikuwa fupi kuliko ile ya kutoka mlangoni hadi barabarani. Mtoto alizaliwa salama. Njia ileile inashusha majeneza pia, na hapo ndipo utajua kwa nini wazee wengi wa mlimani wakianza kuumwa hupelekwa mapema kwa ndugu wa tambarare. Wenyewe husema wanakwenda kusalimia.

Mawe nayo hayajatulia kama tunavyoyadhania. Jiwe kubwa mara nyingi limeegemea madogo, na madogo ndiyo yanayovunjika kwa urahisi kuwa kokoto. Wanaovunja ni wakazi haohao: wanakoka moto juu ya jiwe, matairi chakavu yakipatikana ni bora zaidi, likipata moto sawasawa linamwagiwa maji na kupasuka, kisha mama na watoto wanakaa na nyundo chini ya mwavuli. Kokoto zinashuka kwenda kujenga nyumba za chini. Mvua ya masika inaondoa udongo kidogo uliobaki chini ya jiwe kubwa, na maji ya mabati ya nyumba za juu yanaongeza. Kila mwaka unasikia mahali fulani jijini jiwe limeshuka. Watu wanalaumu mvua.

Mtaniuliza basi nilikaaje miaka mitatu. Nilikaa kwa sababu kulikuwa na mambo ambayo tangu nihamie Buhongwa sijayapata tena. Siku za giza la mwezi, taa za wavuvi wa dagaa zinajipanga ziwani kama mji mwingine uliozaliwa jioni hiyo; ikifika mbalamwezi zinatoweka, na mamantilie wa chini anaanza kulalamikia bei ya dagaa. Mlimani tulijua bei ya dagaa kwa kutazama angani. Asubuhi mijusi hutoka kuota jua, dume lina kichwa chekundu na mwili wa samawati, na wanasayansi wamempa jina la mji wetu, Agama mwanzae. Mwezi wa saba, usiku ukiwa na baridi, jiwe la nyuma ya chumba changu lilikuwa bado na joto la jua la mchana, nami nilisogeza kitanda hadi kwake kama mtu aliyeoa. Chakula cha jioni kilikuwa mara nyingi mapanki, yale mabaki ya sangara baada ya viwanda kukata nyama. Minofu inapanda ndege, mapanki yanapanda mlima, na ukiyapata yamekaangwa vizuri na ndimu huna sababu ya kuwaonea wivu Wazungu.

Na njia ikiwa moja, mnajuana. Hakuna kupita bila salamu, kwa sababu unapita mlangoni mwa mtu, mara nyingine juu ya paa la jiko lake. "Mwangaluka" ya Mayu ilinikuta kila asubuhi hata niwe nimechelewa vipi, na kama hukuitikia vizuri habari zako zilitangulia kufika kwa mwenyekiti wa mtaa. Capri Point, ng'ambo ya maji, nimewahi kufanya kazi ya wiki mbili nyumbani kwa mtu. Sikumjua jirani yake hata mmoja, na nadhani naye hakuwajua. Hata hivyo sitaki kuufanya ujirani huu kuwa fidia. Watu wanaposifu umoja wa watu wa uswahilini huwa ninajiuliza kama wangekubali kuwa nao wakabebe ndoo.

Serikali haijausahau mlima, tuseme kweli. Sheria ya Ardhi ya 1999 inakubali urasimishaji, yaani kuyapima na kuyamilikisha makazi yaliyojengwa bila mpango badala ya kuyabomoa, na Mwanza imefanya kazi hiyo kwa bidii kuliko miji mingi. Wapima walipanda, mawe yakawekwa alama, watu wakapata hati. Mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, zikaja anwani za makazi, kila nyumba na kibao chake. Nyumba ya Mayu ina namba na jina la njia. Njia yenyewe ni mapengo kati ya mawe. Nilimwandikia rafiki anwani hiyo, akafika barabarani, akanipigia: "Ramani inasema nimefika." Nikamwambia tazama juu.

Hati ni kitu kikubwa, sitaki mtu anielewe vibaya. Mwenye hati hana hofu ya tingatinga, na anaweza kwenda benki. Lakini hati haishushi mgonjwa. Ukiniuliza mimi mlima unataka nini kwanza, nitakujibu ngazi. Barabara ya lami sijaiomba. Barabara itahitaji kubomoa nyumba nyingi, na watakaobomolewa ni walewale. Nasema ngazi za zege, pana kiasi cha watu wanne kupishana na kiti cha mgonjwa, zenye bomba la kushikilia, mfereji pembeni wa kupokea maji ya mabati, taa kila baada ya jiwe kubwa, na bomba la maji la umma kila kituo cha kupumzikia. Wakazi wameshaanza. Nusu ya vipande vya ngazi nilivyovikanyaga vilijengwa kwa michango ya mtaa: huyu katoa mfuko wa saruji, yule kokoto, vijana wametoa Jumamosi. Vinaanza ghafla na kukatika ghafla, mahali mfuko ulipoishia. Jiji lililoweza kuweka vibao vya namba kwenye mapango linaweza kuviunganisha vipande hivyo. Siku hizi tuna daraja la Kigongo na Busisi, kilomita tatu juu ya maji, lililofunguliwa Juni 2025, na ninalipita kwa fahari kila nikienda Geita. Mhandisi aliyejenga daraja juu ya ziwa lile hatashindwa na ngazi za Igogo. Tatizo la ngazi ni kwamba hazina utepe wa kukata.

Lakini hapa nina wasiwasi ambao sijaumaliza, na ningekuwa mnafiki nikiuficha. Wengi wetu mlimani hatukuwa na nyumba. Tulikuwa wapangaji. Hati alipata Mayu, choo kipya ni cha Mayu, na ngazi zikijengwa zitapandisha thamani ya nyumba ya Mayu. Simlaumu, alianza na chumba kimoja cha udongo na mume aliyekuwa kuli, na kila tofali la nyumba ile alilipandisha kwa kichwa. Ila bei ya chumba, kama dalali alivyonifundisha siku ile, hufuata njia. Njia ikiboreka, cha kati kinakuwa cha chini, na cha juu kinakuwa cha kati. Wanaopanga sera za makazi huzungumza na mwenye hati kwa sababu ndiye mwenye jina kwenye karatasi. Mpangaji huwa haitwi kikaoni. Anajulishwa tarehe moja ya mwezi.

Mwaka jana nilikwenda kumsalimia Mayu. Nyumba yake imeunganishwa na bomba la majitaka, ukuta umepigwa rangi ya kijani kibichi, na chumba changu cha zamani kimewekwa vigae. Nikauliza habari za jirani yangu, yule ambaye tulimshusha mkewe kwenye kiti. Mayu akasita, akasema kodi ilipanda kidogo, nao wana watoto watatu sasa.

Nikampigia simu. Nilikuwa nimejiandaa kusikia Kishiri, au Kisesa, au kwamba wamerudi kwao Ukerewe.

"Hatujaenda mbali, kaka," akaniambia. "Tupo palepale. Juu kidogo tu."